Mashairi yangu hawayasomi, manung'uniko yangu wanayashangilia

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni mzee wa miaka 74, niko Lubumbashi, Kongo, komini (sehemu ya mji) ya Kenya. Nasema komini kwa sababu ukiandika "Kenya" tu, watu wa mbali wanadhani uko Nairobi, na kosa hilo limewahi kunichelewesha sana, utaona mbele. Nilikuwa fundi mitambo kwenye migodi ya shaba mpaka kazi ikazeeka kabla yangu. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nakaa na binti yangu, mume wake na wajukuu wanne. Mjukuu wa kwanza ni msichana wa miaka 20, anasoma chuo kikuu. Yeye ndiye sababu ya barua hii na yeye ndiye anayeiandika, maana macho yangu yameingia ukungu, ncha ya kalamu siioni tena. Mimi nasema, yeye anapiga kwenye simu. Nimemwapisha asiguse neno langu hata moja.

(Mjukuu hapa: sijagusa.)

Mama, mimi ni mshairi. Najua jina hilo mtu hajipi mwenyewe, lakini baada ya miaka 52 ya kuandika nikisubiri wengine wanipe nitakufa bila jina. Nilianza kwa redio ya mjomba wangu. Usiku wa Juni na Julai, ile baridi yetu ya Katanga inapokausha midomo, ilikuwa inashika Dar es Salaam, na kulikuwa na watu wanasoma mashairi. Sikuelewa yote. Nilikuwa nalala na vidole nje ya blanketi nahesabu: nane, halafu nane. Nilihesabu mpaka nikajua. Leo nina madaftari 11. Kila ubeti mistari minne, kila mstari mizani 16, vina vya kati na vina vya mwisho. Hakuna ubeti unaochechemea humo ndani, naapa.

Mwaka 1983 nilituma mashairi matatu kwa gazeti moja la ng'ambo. Silitaji, waliokuwepo wengi wameshakufa. Jibu lilikuja baada ya miezi minane, bahasha ikiwa na mhuri wa Nairobi, kwa ajili ya lile neno Kenya kwenye anwani yangu. Mhariri alisema vina vyangu ni safi, ila Kiswahili changu kina Ukongo mwingi. Alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maneno matano: bunga, bukari, fasi, kusahabu, muntu. Nilisoma barua ile nimesimama mlangoni, na haya ilinishika kama mtu aliyekutwa amevaa shati upande wa nyuma. Tangu siku ile niliyatoa. Ukipekua kuanzia daftari la nne hutaona bunga, utaona unga. Hutaona fasi, utaona mahali. Bukari, ugali wetu huu, niliyokuwa nakula mchana na usiku sikuiweka kwenye karatasi tena. Niliandika Kiswahili bora.

Nakupa ubeti mmoja uone:

Mawimbi yanavyovuma, ufukweni mwa bahari,
Moyo wangu unachoma, kwa huzuni na hatari,
Uzee unanisoma, kama kitabu cha siri,
Jahazi langu lakwama, nani wa kunisitiri?

Mjukuu ananiuliza kama nimewahi kuiona bahari. Sijaiona. Mbali kabisa nilikofika ni Kalemie, mwaka 1978, nililala siku tatu karibu na ziwa. Lakini hilo si swali.

Mwaka jana mjukuu aliniomba ayapige mashairi yangu kwenye simu, ayatume kwenye makundi ya WhatsApp ya wenzake na ya parokia. Nilifurahi kama mtoto. Akatuma 14. Mama, kilichorudi ni vidole gumba viwili na mtu mmoja aliyeandika "Amina". Alidhani ni sala.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Bei ya unga ilipanda, ule mfuko wa kilo 25. Asubuhi nilikuwa mezani na chai kavu, mkate hakuna, nikawa nanung'unika kama wazee wote wanavyonung'unika. Nilisema kwa Kiswahili chetu cha mtaani, kile ninachosema na kuku: kujua tunasema kuyua, ndiyo tunasema njo. Nadhani nilisema dakika saba au nane. Sikujua kwamba simu ilikuwa karibu na kopo la sukari inanirekodi. Mjukuu alichagua maneno machache, akayapanga mistari minne, akaweka juu ya picha ya kiti changu cha uani, akatuma:

Bunga bulipanda bei, tumbo yangu haiyue,
Magoti njo inasema, saa ya mvula iko karibu,
Minasahabu majina, lakini deni nayua,
Leteni kiti pa inje, jua iko inapita.

Ilizunguka mji mzima. Dereva wa taksi alimsomea binti yangu bila kujua anamsomea nani. Watu wanairudisha na sauti zao, wengine wameongeza mistari yao. Na mimi sasa naitwa Papa Bunga. Jumapili nje ya kanisa, muntu wa kwaya ambaye nimemfahamu miaka 40 ananipigia kelele mbele ya watu: "Papa Bunga, leo tumbo iliyua?" Wote wakacheka. Nilicheka nao. Nyumbani nilikataa kula.

Kuna jambo lingine, na hili sijamwambia hata binti yangu. Wiki mbili zilizopita niliingia jikoni, nikakuta kile cha kusongea bukari, cha marehemu mke wangu, mpini wake umekuwa mweusi kwa mkono wake. Nilikishika, nikataka kusema jina lake. Halikuja. Nilisimama pale nimekishika, najua kinafanya nini, najua fasi alipokinunua, najua aliwahi kunipiga nacho begani tukiwa vijana. Jina hakuna. Lilikuja usiku nikiwa kitandani: mwiko. Mimi ninayejua jahazi, tanga, nanga na maneno yote ya watu wa pwani, nimesahabu mwiko.

Juzi nilimwambia mjukuu alete mbabula, lile jiko la makaa, uani na madaftari yote 11. Amekataa, ameyaficha, sijui wapi. Kwa hiyo nauliza. Yale manung'uniko ni shairi? Nimkataze asirudie? Na mtu aliyeandika miaka 52 yasiyosomwa na mtu, halafu akasifiwa kwa kulalamikia unga, afanye nini na miaka aliyobakiza?

Wako,
Mshairi wa komini ya Kenya (siyo Papa Bunga)

JIBU

Papa wangu,

Mbabula ibaki na kazi yake ya kupika. Makaa yenyewe yamepanda bei.

Na wewe mjukuu, najua unamsomea babu hii kwa sauti. Soma polepole, na ukifika kwenye sehemu inayokuhusu usiruke.

Papa, nilipopata barua yako nilifanya nilichokuwa nafanya darasani miaka mingi. Niliweka karatasi mezani nikagonga kwa kidole. Bu-nga-bu-li-pa-nda-be-i. Nane. Tu-mbo-ya-ngu-ha-i-yu-e. Nane. Nikadhani nimejidanganya, nikarudia kwa mkono wa kushoto. Nane kwa nane. Nikaenda mstari wa tatu: mi-na-sa-ha-bu-ma-ji-na, la-ki-ni-de-ni-na-yu-a. Nane kwa nane. Wa nne vilevile. Ni mstari wa pili tu, kipande chake cha mwisho, una kumi, na huo ndio unaozungumzia magoti. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka jirani akauliza kuna nini.

Muntu anayelalamika juu ya chai kavu hahesabu mizani. Uliwahesabia watu wa redio kwa vidole ukiwa kijana, ukahesabu madaftari 11, na sasa mdomo wako unahesabu bila kukuomba ruhusa. Vina hamna, hilo nakubali, na kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekukata alama. Lakini umeniuliza kama ni shairi. Ni shairi, Papa. Tena ni lenu wawili, maana ulisema dakika nane na kuna aliyejua mistari gani minne ichukuliwe na ipi ibaki na makombo. Huyo ana sikio, na sikio halinunuliwi chuo kikuu.

Sasa nina jambo la kuungama. Nilifundisha shule ya msingi hapahapa Lubumbashi miaka 31. Unajua watoto wetu wanaanza na Kiswahili, halafu Kifaransa kinaingia. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu nyekundu. Mtoto akiandika "bantu banaenda ku soko", nilipiga mstari. Akiandika "bunga", nilipiga mstari. Mwaka mmoja mtoto wa kike aliniuliza, "Mwalimu, kama bunga ni kosa, mama yangu anapika nini?" Nilimwambia akae chini. Sijamsahau, na jibu sikuwa nalo. Kwa hiyo yule mhariri wako wa 1983 simjui, lakini kalamu yake naijua, wino wake niliutumia mimi pia.

Leo ningemjibu yule mtoto hivi. Kiswahili kilifika Katanga kabla mji haujawepo, na misafara ya biashara, na watu wa Msiri aliyetoka Unyamwezi akatawala Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Mji wenyewe ulianzishwa 1910 ukapewa jina la malkia wa Wabelgiji, Elisabethville, jina tulilolivua 1966. Shaba ikavuta watu wa Kasai, wa Luapula, wa Maniema, wa Rwanda, wa ng'ambo ya mpaka iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawa cha kazini, halafu cha kisimani, halafu cha kitandani, na watoto wakazaliwa ndani yake. Mbemba anasema ubunga. Ile bu- yetu ni ndugu wa u- ya unga, ila huku haikupoteza b yake njiani. Mama wa yule mtoto alikuwa anapika bunga, basi.

Na usifikiri wewe ni wa kwanza kuandika hivyo. Mwaka 1965, bwana mmoja aitwaye André Yav aliandika historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa maboyi, watumishi wa nyumba za Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili cha mji kama kilivyosemwa, tahajia inayumba, maneno mengine yameshikana. Mwalimu kama mimi angeirudisha nyekundu tupu. Mwaka 1990 ilichapishwa upya ng'ambo pamoja na tafsiri, na mpaka leo anayetaka kujua jinsi watumishi wale walivyouona mji wa Wabelgiji anakwenda kwa Yav. Hakuna mhariri aliyekuwa amemruhusu.

Hapa vijana watafurahi na kusema Kiswahili bora kitupwe. Siko nao. Safu hii naiandika kwa Kiswahili bora, na sioni haya, kwa sababu kuna mama wa Mombasa anaisoma na mzee wa Bujumbura anaisoma, na wote wananiandikia matatizo yao. Kiswahili bora ni nguo ya safari. Nguo ya safari si mbaya, tatizo lako ulilala nayo miaka 40. Hata hivyo angalia barua yako mwenyewe: umeandika "fasi alipokinunua", umeandika "nimesahabu mwiko", umeandika "muntu wa kwaya", umeandika "kusongea bukari". Maneno manne kati ya yale matano yamerudi nyumbani yenyewe, na nilikuelewa bila kamusi. Andika bunga, Papa. Msomaji wa Tanga atakwama kwenye b moja, atavuka.

Sasa ule ubeti wa bahari. Nisamehe, nitasema kama mwalimu. Mizani ni safi, vina ni safi, na jahazi lako limekwama wapi? Kwenye mto Lubumbashi? Minazi haikutajwa lakini naisikia ikipepea nyuma ya mlango. Kila neno hapo limekodishwa. Umelala Kalemie siku tatu, Ziwa Tanganyika linapiga mawe usiku kucha mbele yako, maji ya kweli, yenye harufu ya samaki, na hukuleta hata mstari mmoja nyumbani. Ukaenda kukopa bahari ya watu wengine. Hilo ndilo ningekugombeza.

Ila kuna mstari mmoja hapo ndani ambao haukukopwa. "Uzee unanisoma, kama kitabu cha siri." Nimefundisha mashairi kwa muda mrefu na sijawahi kuona uzee unasoma. Wazee wote huandika wanausoma uzee. Wewe umekuwa ukurasa, na yeye analamba kidole kabla ya kugeuza. Mstari huo ulikuwa umebanwa katikati ya jahazi na hatari, ndiyo maana wa WhatsApp hawakuuona. Nina uhakika kuna mingine kama huo kwenye madaftari 11. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima, na ni kazi ya watu wawili: yeye asome kwa sauti, wewe unyanyue mkono kila unaposikia kitu ambacho hukukopa. Mikono mingine haitanyanyuka ukurasa mzima. Vumilia.

Mjukuu, sehemu yako imefika.

Ulimrekodi babu yako bila kumwambia. Simu nyuma ya kopo la sukari ni simu nyuma ya kopo la sukari, hata kama kilichotoka ni dhahabu. Ulichofanya kimewafurahisha watu wengi, na yeye akalala bila kula. Uliweka kiti chake kwenye picha lakini jina lake hukuweka, ndiyo maana mji ukampa jina wenyewe. Nenda umwombe radhi, kwa maneno, si kwa kidole gumba. Halafu mkubaliane: unarekodi akijua, unamrudishia kwa sauti ulichochagua, na hakitoki nyumbani mpaka aseme kitoke. Chini yake jina lake kamili. Ukishaandika, usimsahihishe. Akisema "haiyue", ni "haiyue".

Na wewe Papa, usione aibu kwamba mwingine ndiye anayeshika kalamu. Mwaka 1858, kule Lamu na Pate, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, na alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mwanzoni kabisa anamwita akae karibu, alete wino na karatasi. Hakuwa na gazeti la kumtumia. Aliyetajwa kuwa msikilizaji ni mtoto mmoja, na bado tunausoma. Kwako wewe wino umekuwa simu na binti amekuwa mjukuu. Unaweza kumlipa kwa kumfundisha kuhesabu. Mwambie aweke vidole mezani, mfundishe nane. Chuoni hawamfundishi hilo.

Jina la Papa Bunga sina dawa yake. Lubumbashi ikishakupa jina hairudishi. Lakini yule wa kwaya alipokuuliza kama tumbo imeyua, alikuwa anakukariri, Papa. Umeomba kukaririwa tangu 1983. Najua ulitaka wakukariri kwa jahazi. Mimi pia nilitaka wanafunzi wangu wanikumbuke kwa sarufi, wananikumbuka kwa viatu vya manjano.

Sasa mambo mawili ya mwili, haya sitaki ubishi.

Macho. Ukungu unaousema, kwa umri wako, mara nyingi ni mtoto wa jicho: kioo cha ndani ya jicho kimepoteza uangavu wake. Kinaondolewa kwa upasuaji mfupi, kinawekwa kingine cha bandia, na watu wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuna magonjwa mengine ya macho ambayo hayafanyi hivyo, yanakula kimyakimya, na ukichelewa hakuna kurudi, ndiyo maana hupaswi kukisia, wala mimi. Binti yako akupeleke kwa daktari wa macho mwezi huu. Upimwe na shinikizo la damu na sukari safari hiyohiyo.

Mwiko. Nimesoma sehemu hiyo mara tatu. Daktari akikuuliza, mwambie kama ulivyoniambia: jina liliondoka, likarudi usiku, na muda wote ulijua kitu kile kinafanya nini. Kupotewa na jina kwa saa chache hutokea sana kwa wazee, na hata mimi jana nimemwita mwanangu kwa jina la mbwa. Kinachotakiwa kutushtua ni kingine: mtu kushika mwiko asijue ni wa nini, kupotea njia ya kanisani aliyoipita miaka 40, kuuliza swali moja mara tano mezani. Ukiona hayo, au binti yako akiyaona, msingoje. Na hata kama hayapo, mwambie binti yako kuhusu siku ile ya jikoni. Unamficha jambo ambalo yeye pia anaweza kuwa nalo, maana ule mwiko ulikuwa wa mama yake.

Umeniuliza ufanye nini na miaka iliyobaki. Sijui una mingapi. Najua umenipa kwenye barua, bila vina, mpini uliokuwa mweusi kwa mkono wa mtu mmoja, na bega lililopigwa nao. Katika madaftari 11 yupo marehemu mke wako? Nimejiuliza hilo jioni nzima. Kama yupo amevaa kanga ya pwani na anaitwa ua la waridi, basi hajaandikwa bado. Kaa uani jua likipita, mwite mjukuu, mwambie sasa hivi rekodi. Anza na jina la kile kitu, kabla halijaondoka tena.

Na mkiandika ile ya bunga kwenye daftari la kumi na mbili, yule mstari wa pili wenye kumi msiurekebishe. Nimejaribu mimi, kwa kalamu nyekundu, njia nne tofauti. Kila nilipoutengeneza, magoti yalipona.

Mama Mshauri